Kiganja cha Nyongeza

Wasifu wa marehemu uliosomwa kanisani ulikuwa ukurasa mmoja na nusu, na aliyeusoma alikimbia nao kama anafukuzwa na mvua. Tarehe ya kuzaliwa, wazazi, shule alizosoma, shule alizofundisha, vyeo. "Alikuwa mlezi mahiri wa maadili ya wasichana." Hapo nikasimama. Mama yangu akanivuta kitenge, akaninong'oneza, "Kaa chini, watu wanaangalia." Nikamwambia waangalie. Nikamshika mwanangu mkono, tukaenda kusimama nje, penye baiskeli.

Hakuna aliyetaja antimaada. Mwanamke amefundisha fizikia Ifakara maisha yake yote ya kazi, ametwambia mpaka masikio yakatuuma kwamba ulimwengu huu mzima ni mabaki ya vitu vilivyoteketezana, halafu anazikwa kama mtu ambaye kazi yake ilikuwa kupima urefu wa sketi. Basi naandika mimi. Mambo ya kuzaliwa na ukoo mmeshasomewa. Mimi nitasema alivyokuwa. Nilimpenda yule mwanamke. Na kwa miaka saba nilimsubiri aniambie neno moja tu. Neno lenyewe mtalijua, kwa sababu alitufundisha mwenyewe.

Tulimwita Madamu. Walikuwepo madamu wengine pale shuleni, lakini hao walihitaji majina. Ukisema Madamu tu, kila mtu alijua ni yule wa fizikia, yule wa baiskeli ya kiume. Aliipanda kwa sketi ndefu aliyoibana na vibanio viwili vya nguo, na mfukoni alikuwa na vingine viwili vya akiba. Wanaume wa bodaboda walimtania barabarani, "Mama, shikamoo, nunua basi pikipiki!" Yeye akajibu bila kugeuka, "Marahaba. Nikinunua pikipiki nyie mtamcheka nani?"

Hakujua kusifu. Ukipata tisini, alikuuliza kumi umezipeleka wapi. Lakini alikuwa na jambo moja ambalo sijaliona kwa mwalimu mwingine: alikataza kufuta. Kwenye darasa lake hakukuwa na ufutio wala kuchana karatasi. Ukikosea hesabu, unapitisha mstari mmoja juu ya kosa, mstari mwembamba ili kosa lisomeke, halafu pembeni unaandika: *Nilikosea hapa.* Ukishaandika, yeye anagonga dawati lako mara mbili kwa kidole na kusema, "Haya, endelea." Basi. Hakugombeza wala kucheka. Daftari zetu zilijaa nilikosea, nilikosea, kama sala ya toba. Alisema sayansi haina siri nyingine zaidi ya hiyo. Ni kundi la watu wanaoweza kuandika nilikosea na wasife kwa aibu.

Antimaada haikuwemo kwenye muhtasari wa masomo. Aliifundisha kila mwaka, kidato cha tatu, kipindi cha mwisho cha Ijumaa, kwa Kiswahili, akiwa ameufunga mlango kwa sababu ukutani palibandikwa amri ya kuongea Kiingereza.

Alianza na hesabu ambayo mtoto wa kidato cha pili anaijua. Namba gani ukiizidisha kwa yenyewe unapata nne? Sote: mbili! "Na nyingine?" Kimya. Halafu mmoja wetu kwa sauti ndogo: hasi mbili. "Kwa nini hamkuisema?" Kwa sababu, Madamu, hiyo huwa tunaikata. Swali likiuliza idadi ya ng'ombe, unapata majibu mawili, unaikata ile hasi, maana hakuna ng'ombe hasi.

"Sasa sikilizeni," alisema. "Kulikuwa na kijana mmoja Uingereza, mtu wa kalamu na karatasi, hana hata maabara. Akaandika hesabu ya elektroni. Ikampa majibu mawili. Moja elektroni yetu hii, yenye chaji hasi. La pili, kitu cha ajabu, kama elektroni iliyogeuzwa, uzito uleule lakini chaji chanya. Hakuna mtu aliyewahi kukiona. Mngefanyaje nyie?"

"Tungekata, Madamu."

"Mngekata. Yeye alihangaika nalo, akalikwepa kidogo, akalirudia, mwisho akasema: hesabu imesema kipo, basi kipo. Haikupita miaka mingi, mtu mwingine, Amerika, anapiga picha za miale inayotoka angani, akaona kijistari kimepinda upande usiotakiwa. Chembe ya uzito wa elektroni, inageuka kushoto mahali ambapo elektroni hugeuka kulia. Ndiyo hiyo. Jibu lile mnalolikata." Akatuangalia mmoja mmoja. "Usilitupe jibu kwa sababu halikupendezi."

Hiyo sentensi niliiandika kwenye jalada la daftari langu. Ishikeni, tutairudia.

Halafu ilikuja sehemu ya mchele. Alimwaga mezani mafungu mawili kutoka kwenye mkoba, moja la mchele na moja la choroko. Mchele ni maada, choroko ni antimaada. Kila chembe ya maada inaweza kuwa na pacha wake wa kinyume, na wakigusana hawagombani wala hawaumizani, wanatoweka wote wawili, unabaki mwanga. Akatuita mezani. Kila mwanafunzi achukue punje moja ya mchele na moja ya choroko, azigusanishe, azitupe dirishani. Nje kuku wa mpishi wa shule walikuwa wameshajipanga. Nadhani walijua ratiba kuliko sisi. Tulitupa jozi baada ya jozi mpaka meza ikawa tupu. Ikabaki punje moja ya mchele.

Aliinatisha kwenye ncha ya kidole akainyanyua. "Mwanzo wa ulimwengu vilikuwa karibu sawa kwa sawa. Vikateketezana. Kwenye kila jozi kama bilioni moja, maada ilizidi kwa chembe moja. Hii. Hii ndiyo jua. Hii ndiyo mto Kilombero na viboko wake. Hii ndiyo wewe na chawa zako. Kila kilichopo ni kile kilichobaki."

"Madamu," akauliza binti mmoja ambaye mama yake aliuza mchele sokoni, "kwa hiyo sisi ni nyongeza?"

Kwa asiyelijua soko letu: ukinunua mchele, muuzaji anakujazia kisado mpaka juu, halafu anachota kiganja kimoja zaidi anakutilia kwenye mfuko. Hicho hakimo kwenye kipimo. Muuzaji asiyetia nyongeza humrudii.

Madamu alicheka mpaka akashika meza. Miaka yote iliyofuata aliifundisha hivyo: ulimwengu ni kiganja cha nyongeza.

"Na nani aliongeza?"

Akageukia ubao, akaandika kwa herufi kubwa: HATUJUI. Tukanakili. Mwaka mmoja alikuja mkaguzi, akafungua daftari la mwanafunzi, akakuta HATUJUI imepigiwa mistari miwili chini. Akamuuliza mkuu wa shule hapa mnafundisha nini. Madamu alimjibu yeye mwenyewe: "Ndilo jibu sahihi. Ukipata lingine niletee, nitalifundisha Jumatatu." Alikuwa Mkatoliki wa misa ya asubuhi, lakini ukimwambia ni Mungu aliyeongeza, alikunja uso. "Mungu simfanyi kiraka cha kuzibia pale nisipojua."

Huyohuyo, ngurumo ikipiga, alifunika kioo kwa kanga na kuingia uvunguni. Mwalimu wa umeme! Nilimkuta siku moja, miguu inatokeza. Nikamuuliza, Madamu, kioo kinavuta radi kwa kanuni ipi? Sauti ikatoka chini ya kitanda: "Kanuni ya bibi yangu. Nyamaza, ingia."

Bibi yake ndiye aliyemlea, na bibi huyo alikuwa mtoto wa miaka kama kumi wakati wa Maji Maji, upande wa Mahenge. Hilo nalo lilikuwa somo. Darasani kwetu kuna mvulana alicheka, siku ile ile ya mchele, tukiwa tunabishana kuhusu vitu kutoweka. Akasema, "Kama babu zetu, Madamu, walipakwa maji risasi zitoweke! Mbona hazikutoweka?" Darasa likaangua kicheko.

Madamu hakupandisha sauti. "Simama. Babu yako alikuwa analimishwa pamba ya Mjerumani kwa kiboko, na mtu mwenye bastola anamsimamia. Akaambiwa kuna dawa. Akaijaribu kwa mwili wake. Jaribio likakataa, akajua kwa kufa. Wewe umejaribu nini?"

Mvulana akaketi.

"Kucheka ni rahisi. Mngeniuliza baada ya pale ilikuwaje." Akakaa juu ya meza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Babu zetu waliposhindwa kwa risasi, Wajerumani wakachoma maghala. Wakachoma mashamba. Njaa ikaua waliobakizwa na risasi. Bibi yangu alitoka kwenye nyumba ya watu wengi: baba, mama, shangazi, kaka, wadogo zake. Akabaki yeye. Alikaa kwenye matete kando ya mto, anachimba mizizi, na kiunoni amefunga kifuko cha mbegu ya mpunga cha mama yake. Hakuila. Nilimuuliza mara nyingi, Bibi, kwa nini hukuila? Na kwa nini ulibaki wewe, si kaka yako mwenye nguvu? Akaniambia, mjukuu wangu, sijui. Nilibaki tu."

Akaichukua ile punje ya mchele tena.

"Bonde hili lote tumetokana na waliobaki. Kwa hiyo mtu akiniambia ulimwengu umeteketea karibu wote ikabaki chembe moja, na chembe hiyo ikawa kila kitu, mimi sishangai. Nimekula chakula alichopika hiyo chembe."

Kengele ililia, hakuna aliyenyanyuka.

Sasa niseme lile jingine. Madamu alikuwa pia matroni wa wasichana. Kila shule ilipofunguliwa tulipangwa mstari nje ya stoo ya vifaa vya michezo, tunaingia mmojammoja, tunalala kwenye benchi, anatubonyeza tumbo kupima mimba. Niliingia Julai ya kidato cha tatu, miezi michache baada ya Ijumaa ile. Sitasahau kiganja chake, kikavu na cha baridi, kina chaki kwenye mistari. Kilibonyeza, kikasimama, kikabonyeza tena polepole. Akaniangalia usoni. Nikamwambia, "Madamu." Alikuwa na kalamu mkono wa pili na daftari gotini. Akaandika jina langu. Akasema, "Mwingine aingie."

Siku ya tatu nilikuwa nyumbani na barua. Baba wa mtoto alikuwa kidato cha nne, na Novemba hiyo alifanya mtihani wake kama kawaida, amenyoa vizuri. Siku hizi waraka wa wizara umebadilika, wanasema msichana anaweza kurudi. Asanteni. Mmechelewa.

Mwanangu alipotimiza miezi miwili, nilisikia kengele ya baiskeli uani. Nyumba yetu ipo njia ya Kivukoni, mama anauza samaki. Madamu alikuwa na mchele kwenye kerea ya nyuma na mkoba wa vitabu mgongoni. Akasema, "Nimeleta sura ya mwanga. Tuliishia kwenye lenzi." Nilichukua mchele wake nikaumwaga uani kwa kuku. Mama yangu akapiga kelele, "We mtoto una wazimu! Mchele wa supa huo!" Madamu akawatazama kuku. "Angalau hawa hawajasahau ratiba," akasema, akapanda baiskeli, akaenda.

Alhamisi iliyofuata akarudi. Nikamfungia mlango. Akafundisha lenzi akiwa nje, kwa sauti, dakika arobaini, majirani wanasikiliza. Alhamisi ya tatu nilifungua, maana jirani alishaanza kuniuliza maswali ya lenzi na nilishindwa kujibu.

Alinifundisha hivyo miaka miwili, jikoni kwa mama, mtoto kifuani, moshi wa samaki machoni. Baadaye alistaafu, akafungua meza ya mchele sokoni, na akawa ananifundisha pale, kati ya mteja na mteja. "Kasi ya sauti kwenye hewa? Karibu mama, supa mpya hii. Haya, kasi?" Mara ya kwanza kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea nilianguka fizikia. Lilikuja swali la mnururisho, alama nne, nikaandika kurasa mbili za mchele, choroko na nyongeza. Nilipomsimulia, alicheka mpaka machozi, halafu akanipiga na gazeti. "Mjinga wewe! Alama nne unaandika mistari minne!" Mara ya pili niliandika mistari minne. Nikapata C. Akauliza kwa nini siyo B.

Leo ninafundisha tuisheni jikoni mlemle. Shule yenyewe haina mwalimu wa fizikia; wanafunzi wake wanakuja kwangu kwa kujificha, kwa mtu waliyemfukuza. Kila mtoto wangu anajua kupitisha mstari mwembamba na kuandika nilikosea.

Na yeye, miaka yote hiyo, hakuniambia neno hilo. Alinipa mchele, vitabu, lenzi. Alimnunulia mwanangu gauni la Krismasi. Lakini kuhusu stoo, benchi na kalamu, kimya. Niliwahi kumchokoza. Nikamwonyesha lile jalada la zamani: usilitupe jibu kwa sababu halikupendezi. Akasoma, akasema, "Mwandiko wako ulikuwa mbaya," akageukia mteja. Nilikasirika nikakaa wiki tatu bila kwenda sokoni. Nikarudi, kwa sababu unamkasirikiaje mtu anayekukumbusha kila Alhamisi kwamba unaweza?

Mwaka jana alianza kukonda. Alipelekwa Dar es Salaam, akakaa mwezi. Aliporudi nilimfuata nyumbani na mwanangu. Nilimkuta amelala kwenye mkeka barazani, mdogo kama mtoto, lakini macho yanawaka. Sikumaliza hata shikamoo.

"Marahaba. Kaa. Wameniingiza antimaada mwilini!"

"Madamu, pole na safari kwanza."

"Safari ni Kidatu, Mikumi, vumbi, unaijua. Sikiliza! Kuna mashine kule. Wanachukua sukari."

"Ya kiwanda cha Kidatu?" akauliza mwanangu.

"Ya hospitali, kichwa maji. Wanaitia chembe inayotoa positroni, elektroni yetu ile iliyogeuzwa. Wanakuchoma mshipani. Mimi nimeifundisha maisha yangu yote sijaiona, leo inatembea kwenye damu yangu! Nikamwambia yule kijana wa mashine, unajua unachofanya? Akasema, mama, tulia usitikisike." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Nikamshikilia mpaka kikapita.

Kisha akaushika mkono wangu, akafunua kanga, akauweka tumboni kwake.

"Bonyeza."

"Madamu."

"Bonyeza. Polepole. Hapo. Umesikia?"

Nilisikia. Kitu kigumu, kikubwa kama embe changa. Niliutazama mkono wangu mwenyewe na nikaona una chaki.

"Nimesikia," nikasema.

"Basi toa kalamu," akasema. "Andika jina langu."

Mwanangu alikuwa anachora chini na kijiti. Hasira ya miaka saba ikanipanda, nikadhani nitapiga kelele. Lakini kilichotoka kilikuwa kidogo.

"Siandiki."

Kiganja changu bado kilikuwa tumboni kwake, kinapanda na kushuka na pumzi.

"Neno lenyewe fupi hivyo," akasema. "Na kalamu nilikuwa nayo mimi." Akafumba macho, akafumbua. "Nilikosea hapo."

Nilifikiri siku nikilisikia nitalia, au nitamwambia yote niliyoyapanga usiku wakati mtoto ananyonya. Sikuwa nayo hata moja. Nilimfunika kanga vizuri. Halafu nikagonga ubao wa baraza, mara mbili, kwa kidole.

"Haya, Madamu. Endelea."

Akatabasamu upande mmoja, kama mtu aliyepata tisini.

"Basi," akasema, na mwanangu akatupa kijiti akasogea kusikiliza, "wakanilaza, wakaniambia nisipumue kwa fujo. Na humu ndani, kila positroni inakutana na elektroni yangu. Yangu mimi! Zinatoweka zote mbili. Unatoka mwanga, miale miwili, mmoja unaenda huku, mmoja unaenda kule, na mashine inaidaka yote..."